Mkono Unaotuliza: Somo Juu ya Kukanda Mwili kwa Wenye Wasiwasi, Sonona na Kiwewe

Katika safu yetu ya elimu ya afya kwa umma, toleo hili linaleta somo ambalo wengi walidhani halina nafasi katika jarida la halmashauri: kukanda mwili. Hata hivyo, ni jambo ambalo kila kaya ya Nyanda za Juu Kusini inalijua kwa namna yake. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto. Mtoto mchanga hupakwa mafuta na kunyooshwa viungo. Mchezaji wa Mbeya City au wa Tanzania Prisons akikamatwa na msuli uwanjani, mchua misuli hukimbia na mkoba wake. Katika pwani yetu, bibi harusi husingwa siku kadhaa kabla ya kutolewa nje. Kukanda, kuchua na kusinga ni maneno ya zamani kuliko zahanati zetu zote. Neno masaji limekuja juzi tu, na kwa bahati mbaya limekuja likiwa limebeba sifa isiyo njema.

Swali la somo hili ni moja. Je, mkono unaolegeza msuli unaweza pia kumsaidia mtu ambaye maumivu yake hayaonekani, yaani mwenye wasiwasi uliopitiliza, sonona au kiwewe? Jibu fupi ni kwamba unaweza kusaidia, lakini kwa kiasi chake, kwa masharti yake, na kamwe si badala ya matibabu. Jibu refu ndilo linalofuata.

Maradhi tunayoyazungumzia

Wasiwasi ni hali ya kawaida kwa binadamu. Mkulima huwa na wasiwasi mvua zikichelewa, na mzazi huwa na wasiwasi mtoto akikawia kurudi shuleni. Wasiwasi huwa ugonjwa pale unapokaa miezi na miezi, ukamnyima mtu usingizi, ukamfanya moyo uende mbio bila sababu na kumzuia kufanya kazi zake.

Sonona ni zaidi ya huzuni. Mgonjwa hupoteza raha ya mambo aliyoyapenda, huchoka bila kazi, hula kidogo au kupita kiasi, hujiona hana thamani, na hali hiyo hudumu wiki mbili au zaidi karibu kila siku.

Kiwewe ni jeraha linalobaki ndani baada ya tukio la kutisha: ajali, ukatili, kubakwa, moto, au kushuhudia kifo. Tukio hupita, lakini mwili hubaki ukilisubiri lirudi. Mtu hushtuka kwa sauti ndogo, huota ndoto mbaya, na hukwepa mahali au harufu inayomkumbusha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 duniani, yaani mmoja kati ya kila wanane, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili, na wasiwasi na sonona ndiyo yaliyoongoza. Hapa kwetu visababishi vinafahamika. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya mikoa yetu. Anayeishi karibu na Mlima Kitonga au Mlima Nyoka hahitaji kuelezwa maana ya ajali. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kiwango cha taifa kilikuwa 4.4. Nyuma ya kila asilimia wapo wajane, yatima na watu wanaobeba habari zao peke yao.

Liko jambo moja ambalo kila mhudumu wa afya analijua. Mgonjwa wa sonona au wasiwasi ni nadra kufika zahanati akasema, "Nina huzuni." Husema mgongo unauma, shingo imekaza, kichwa kinawaka moto, kifua kimebana, au mwili mzima umechoka. Hasemi uongo, kwa kuwa maumivu hayo anayasikia kweli. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya somo hili: mtu mwenye maradhi ya moyo mzito huenda akamfikia mkandaji kabla ya kumfikia daktari.

Mguso hufanya nini mwilini

Mwili wa binadamu una mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe bila kuamriwa. Mfumo huo una pande mbili. Upande mmoja ni wa mapambano: hupandisha mapigo ya moyo, hukaza misuli na kufupisha pumzi ili mtu apigane au akimbie. Upande wa pili ni wa utulivu: hushusha mapigo, hurudisha mmeng'enyo wa chakula na kuleta usingizi. Kwa mtu mwenye wasiwasi au kiwewe, upande wa kwanza hukaa macho usiku na mchana kama mlinzi asiyepokelewa zamu.

Mguso wa taratibu, wenye joto na unaotarajiwa, ni miongoni mwa ishara zinazouambia mwili kuwa hatari imepita. Watafiti, wakiwamo wa Sweden, wamethibitisha kuwa ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi maalumu za neva zinazoitika zaidi mkono unapopita polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Mkono wenye haraka hauziamshi vizuri, na mkono mzito haulengi kazi yake. Ndiyo maana mama anayembembeleza mtoto hupitisha mkono polepole bila kufundishwa na mtu. Mwendo wake ni ule ule ambao wataalamu waliupima baadaye maabara.

Iko na sababu ya pili, na hii ni ya kijamii. Katika mila zetu mfiwa hashiki msiba peke yake: hukalishwa mkekani, hushikwa bega, huegemewa. Lakini matanga yakianuliwa, watu hurudi makwao, na mjane huweza kukaa miezi bila kuguswa na mkono wa mtu mzima mwenzake, isipokuwa salamu ya kupita. Mwenye ugonjwa wa akili huepukwa zaidi, kana kwamba ugonjwa wake unaambukiza. Mwenye virusi vya UKIMWI bado katika baadhi ya kaya hupewa salamu ya mbali, ingawa imejulikana kwa miongo mingi kuwa virusi hivyo haviambukizwi kwa kushikana mikono wala kukandana. Kutoguswa ni upweke, na upweke huzidisha maradhi.

Utafiti umeonyesha nini

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 37 kuhusu kukanda mwili na kuzichambua kwa pamoja. Waligundua kwamba kukandwa mara moja hupunguza wasiwasi wa wakati ule, shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Kukandwa mara nyingi kwa mfululizo kulipunguza wasiwasi wa kudumu na sonona, na kwa kipimo chao nafuu hiyo ilikaribiana na ile iletwayo na tiba ya mazungumzo.

Msomaji makini asiishie hapo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa watu 68 wenye ugonjwa wa wasiwasi. Waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walikandwa, wa pili waliwekewa vifaa vya joto mwilini, na wa tatu walilala tu katika chumba tulivu chenye muziki laini. Makundi yote matatu yalipata nafuu, na waliokandwa hawakuwazidi wenzao. Kisha mwaka 2016 utafiti mwingine wa watu 47 ukalinganisha kukandwa na kuguswa kidogo tu, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Safari hii waliokandwa walipata nafuu kubwa zaidi.

Tufundishwe nini na matokeo haya yanayopishana? Kwanza, nafuu ipo. Pili, sehemu ya nafuu hiyo hutoka kwenye mikono, na sehemu nyingine hutoka kwenye saa moja ya utulivu, chumba kisicho na kelele, na mtu anayekupa muda wake. Tatu, tafiti zenyewe ni ndogo, hivyo atakayekuambia kuwa kukanda kunaponya sonona anataka fedha zako. Kukanda ni msaada unaotembea pamoja na ushauri nasaha na dawa. Si gari la kuvipita.

Kwa mwenye kiwewe, ruhusa huja kwanza

Hapa ndipo hatari ilipo, na ndipo nia njema pekee haitoshi. Mtu aliyepigwa, aliyebakwa au aliyebanwa ndani ya gari lililopinduka anaweza kuuona mguso wa ghafla kama tukio lenyewe limerudi. Hutetemeka, huganda, hulia, au huondoka katika fahamu za pale alipo huku macho yakiwa wazi. Mkandaji asiyejua hudhani mgonjwa amelegea vizuri, kumbe amepooza kwa hofu.

Kwa hiyo kanuni za kumkanda mwenye kiwewe ni hizi:

1. Omba ruhusa kabla ya kugusa, na uiombe tena unapohamia sehemu nyingine ya mwili. Aliyekubali mkono hajakubali mgongo.
2. Mweleze kila utakachofanya kabla hujakifanya. Usimguse kwa nyuma asipokuona.
3. Mwache achague: akae au alale, mlango uwe wazi au umerudishwa, awe na ndugu au awe peke yake, akandwe na mwanamke au mwanamume.
4. Nguo zisivuliwe pasipo haja. Mikono, miguu, kichwa na mabega vinakandika mtu akiwa amevaa.
5. Akisema "basi," acha papo hapo, bila kuuliza sababu. Kwa mtu ambaye siku moja alisema "hapana" na hakusikilizwa, neno "basi" linaloheshimiwa ni sehemu ya tiba.
6. Usimlazimishe kusimulia. Akisimulia mwenyewe, sikiliza, tunza siri, na umwelekeze kwa mtaalamu.

Kwa mtoto, mzazi au mlezi awepo muda wote. Mtoto naye ana haki ya kukataa kuguswa, hata na mtu mzima anayeheshimiwa.

Namna ya kukanda mikono nyumbani

Njia ifuatayo ni salama kwa watu wengi, haihitaji kitanda wala gharama, na inatosha dakika kumi.

Nawa mikono, kata kucha, vua pete. Katika baridi ya Juni na Julai, pasha viganja moto kwanza kwa kuvisugua au kuvishika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Mkono wa baridi hukaza msuli badala ya kuulegeza. Kaeni mkitazamana, mkono wa mgonjwa ukiwa juu ya mto au khanga iliyokunjwa. Tia matone machache ya mafuta ya alizeti au nazi.

Anza kwa kuushika mkono wake kwa mikono yako miwili bila kufanya lolote, kwa muda wa pumzi tatu. Pitisha kiganja chako taratibu kutoka kifundo hadi kiwiko, kisha rudi, mara tano au sita. Kwa kidole gumba, zungusha duara ndogo katika kiganja chake. Vuta kila kidole polepole kutoka shinani hadi nchani. Muulize, "Nikandamize zaidi au nipunguze?" Maliza kama ulivyoanza, kwa kuushika mkono ukiwa umetulia, kisha hamia mkono wa pili.

Mtu anayeishi peke yake anaweza kujikanda mwenyewe viganja, nyayo na shingo kwa mwendo huo huo kabla ya kulala.

Wakati ambao haifai kukanda

Usikande mtu mwenye homa, penye kidonda, jipu au upele unaoambukiza, palipovunjika, au palipoteguka na kuvimba. Usikande kabisa mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuikanda kunaweza kuisukuma hadi mapafuni na kuua. Usikande tumbo la mjamzito ukidhani unamgeuza mtoto. Hiyo ni kazi ya kliniki. Mama aliyejifungua asikandamizwe tumbo kwa nguvu wala kwa maji yanayochoma, na aliyefanyiwa upasuaji asikandwe penye mshono. Mwenye saratani, ugonjwa wa moyo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza kwa daktari wake.

Na iko hali moja ambayo haingoji mkono wala mafuta. Mtu akisema kuwa amechoka kuishi, anaaga watu bila safari, au anagawa vitu vyake, msimwache peke yake. Muulizeni kwa upole na waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema. Viuatilifu vya shambani na dawa za nyumbani vifungiwe mahali asipopafikia. Kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Wapi pa kwenda

Mlango wa kwanza ni zahanati ya kijiji au kituo cha afya cha kata. Mweleze mhudumu si maumivu ya mgongo tu, bali pia usingizi, hamu ya kula na mawazo. Inapohitajika utapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kwa hali ngumu zaidi Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua mwenye maradhi haya kuwa mgonjwa mwenye haki ya kutibiwa, hivyo kumfunga kamba au kumficha chumbani si tiba wala si malezi.

Anayetumia dawa za afya ya akili asiziache kwa sababu amepata nafuu baada ya kukandwa. Uamuzi wa kupunguza dawa ni wa daktari.

Aliyefanyiwa ukatili afike kituo cha afya mapema, na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Aliyebakwa afike ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazifanyi kazi zikichelewa. Kwa masuala ya watoto, simu 116 hupigwa bila malipo. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri nao wapo kwa ajili ya ushauri na kufuatilia familia.

Kwa anayetaka kukandwa na mtaalamu, wataalamu wa fiziotherapia wamesomea kazi hiyo. Chuo cha KCMC mjini Moshi kimewafundisha wengi nchini. Wanaotoa tiba asili na tiba mbadala wanasimamiwa na Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 kupitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na ni haki ya mwananchi kuomba kuonyeshwa cheti cha usajili. Mahali pa kweli hutaja bei kabla, huuliza historia ya afya yako, hukupa shuka ya kujifunika, na halikuahidi kuponya kila ugonjwa. Ukiguswa mahali usipokubali, hilo ni kosa, na lina pa kuripotiwa.

Kazi yenye heshima

Katika Japani, watu wasioona wameifanya kazi ya kukanda mwili kwa karne nyingi, wakafundishana na kujipatia riziki kwa vidole vinavyosikia kile ambacho macho hupitwa nacho. Ni mfano unaostahili kutafakariwa. Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichopata mafunzo na usajili hakina sababu ya kuiona kazi hii kuwa ya aibu. Aibu iliyobandikwa kwenye jina masaji itabanduliwa na watu wanaoifanya kwa maadili.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani aliyefiwa mwaka huu ambaye hatujamtembelea tangu matanga yaanuliwe?
2. Taja dalili tatu za mwili zinazoweza kuficha sonona.
3. Kwa nini ni lazima kuomba ruhusa kabla ya kumkanda mwenye kiwewe, hata akiwa ndugu yako?
4. Ni hali zipi tatu ambazo mgonjwa hapaswi kukandwa, bali apelekwe kituo cha afya?
5. Mkandaji wa kienyeji akimwona mteja analia bila sababu, amwelekeze wapi?

Wazee wetu walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayeumwa moyoni hufichua maradhi yake mapema zaidi akiwa mbele ya mtu asiye na haraka. Dakika kumi na matone ya alizeti ni mwanzo unaowezekana katika kila nyumba, na zahanati ipo kwa ajili ya yanayobaki.